Mwalimu wa Kwaya Aliyekataa Kuishia Ubeti wa Pili

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa pili wa karani wa posta na mshonaji wa sare za shule. Mkunga alisema mtoto ana mapafu mazuri. Majirani walisema hivyo hivyo, kwa lugha kali zaidi, kwa miaka kadhaa iliyofuata.

Alianza shule ya msingi mwaka 1968, na mwaka huo huo akatolewa nje ya darasa kwa kosa la kuimba jedwali la kuzidisha wakati wenzake wanalisoma. Alimaliza sekondari mwaka 1979, akaenda chuo cha ualimu, na kuanzia Januari 1983 alifundisha hesabu na muziki katika shule ya wasichana hadi alipostaafu. Jioni alifundisha kwaya ya kanisa, kazi isiyo na mshahara wala pensheni, na ndiyo aliyoipenda kuliko zote. Sauti ya pili walimwogopa, besi walimwogopa zaidi, na wote walimwita Mwalimu, hata waliomzidi umri.

Mumewe, fundi wa makochi, alimpata kwa ugomvi. Shule ilikuwa imeagiza viti vya ofisi ya walimu. Marehemu akaketi kwenye kimoja, kikayumba.

"Fundi, kiti chako kinacheza."

"Kiti hakichezi, Mwalimu. Sakafu yenu ndiyo imepinda."

Marehemu alikibeba kiti kile mpaka ukumbini, kikacheza. Akakitoa nje, varandani, kikacheza. "Basi dunia nzima imepinda," akasema. Fundi alirudi kesho yake kukisawazisha mguu, na keshokutwa akarudi bila sababu yoyote ya maana. Walifunga ndoa tarehe 5 Desemba 1987, wakajaliwa binti na mwana. Fundi aliomba pia kujiunga na kwaya. Alisikilizwa mara moja, akapewa kiti cha nyuma kabisa, pamoja na ombi la kutoimba.

Ugonjwa wa kudhoofika misuli ulianza kujionyesha mwaka 1998, chaki zilipoanza kumponyoka na ngazi kumshinda. Kufikia mwaka 2006 alikuwa kwenye kiti cha magurudumu. Miguu haikumliza sana. Alisema hajawahi kuona kwaya ikiongozwa kwa miguu. Kilichomtesa ni kiwiliwili. Misuli ya mgongo na ya ubavu ilivyozidi kulegea, mwili ulilala upande wa kushoto, mpaka mbavu zikawa zimekaa juu ya mkono wa kiti. Wanakwaya, kwa utii wao, wakaanza kuegemea kushoto pamoja naye.

Maumivu yalianzia ubavuni, yakazunguka hadi mgongoni, na yalimpa nafasi ya beti mbili tu. Hakumwambia mtu. Alichofanya ni kuukunja mkono ubeti wa pili ukiisha, na wimbo ukaisha. Waumini walifurahi mno. Mchungaji alisifu utaratibu mpya. Ni Fundi peke yake, kule nyuma, aliyeona jinsi mkewe alivyouma meno.

Fundi aliyakabili maumivu hayo kwa silaha pekee aliyoijua: sponji. Aliweka moja chini, moja ubavuni, moja mgongoni, kisha akaongeza juu ya zile. Kadiri alivyoongeza, ndivyo marehemu alivyozama na kupinda. "Mume wangu," alisema siku moja kutoka huko chini, "mbona unanizika kabla ya siku?"

Mapema mwaka 2013 mwenyekiti wa kwaya, mtu wa besi, alifika nyumbani na pendekezo. Kamati ilitaka kumfanya Mwalimu mlezi wa heshima.

"Mlezi anafanya nini?"

"Hafanyi kitu, Mwalimu. Anakaa tu."

"Kukaa ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizo nazo. Nipe nyingine." Kisha akamwambia hivi: Juni kwaya itatimiza miaka thelathini. Aachiwe aongoze wimbo mrefu kuliko zote za kwaya, beti zote sita. Akishindwa njiani, awe mlezi na asimsumbue mtu tena. Mwenyekiti alikubali haraka kiasi cha kukosa adabu.

Wiki iliyofuata hospitali ilimtuma mtaalamu wa viungo, binti mdogo mwenye mikono mikavu. Aliupitisha mkono chini ya marehemu, akabonyeza, akamgeukia Fundi.

"Baba, unaujazia ubavu mito, na ubavu hauna kosa. Nyonga ya kushoto imezama, mwili wote unaifuata. Hapa sakafu ya kiti ndiyo imepinda."

Marehemu alicheka mpaka ikabidi ashikwe asianguke. "Sakafu! Fundi, umeisingizia tangu ujana wako. Leo imepatikana, na ni yako!"

Fundi alinuna mpaka chakula cha jioni. Baada ya hapo alizing'oa sponji zote, akakata ubao, akaweka juu yake mto mgumu, na chini ya nyonga ya kushoto kipande cha kusawazisha. Yule mtaalamu alimwonyesha mahali pa kuweka vishikio vya ubavuni. Vya kwanza vilibana. "Unanishika au unanikamata?" aliuliza marehemu. Vikalegezwa. Mikono ya kiti ikainuliwa ili mabega yasivutwe chini, na kiti kikatiwa wenzo wa kukilaza nyuma, mbavu zipate kupumua. Hapo marehemu alikataa katakata. "Niongoze kwaya nikitazama dari?"

Aliwaza siku nzima. Jumapili akatoa amri: kama yeye anatazama juu, kwaya ipande juu. Fundi alitengeneza ngazi za kusimamia.

Siku ya sherehe alisimama nyuma ya mkewe, mkono kwenye wenzo. Kila ubeti ulipoisha alimlaza kidogo, mkewe akavuta pumzi, akamwinua. Ubeti wa tatu. Wa nne. Mwenyekiti alihesabu kwa vidole huku akiimba, na kwenye wa sita alilia, akakosea noti. Marehemu aliisikia. Alimkumbusha mpaka mwaka huu.

Maumivu hayakuondoka. Yalipungua tu, yakawa ya kuweza kugombana nayo. Kila baada ya muda alisema, "Nyuma kidogo, Fundi," na mkao ulipokubali, "Hapo hapo. Usiguse." Mikono ilipochoka aliongoza kwa nyusi, na besi walijifunza kuiogopa ya kushoto. Fundi akawa mwanakwaya kamili, bila kuimba.

Agosti mwaka huu kifua kilishikwa na homa ya mapafu. Hospitalini aliwafundisha wauguzi kupanga mito, wakafaulu wote. Asubuhi ya Jumanne, tarehe 9 Septemba 2025, Fundi alimsogeza nyonga, akainua mto kidogo. "Hapo hapo," marehemu akasema. "Usiguse." Akafumba macho, na hakuyafumbua tena.

Ameacha mume, binti, mwana, mkwe mmoja, wajukuu watatu, kaka yake, wadogo zake, na kwaya ambayo mpaka leo inaegemea kushoto. Itaimba sasa hivi, beti zote sita, kwa hiyo mwenye haraka avumilie. Fundi atasimama mahali pake pa siku zote, na haruhusiwi kuimba. Hilo ni agizo la marehemu.

Apumzike kwa amani, Mwalimu wetu. Hapo hapo. Hatugusi.