Kalamu ya Bernadine

Kwenye basi la Los Angeles, mzee mmoja alipiga gazeti kofi. "Huyu Corinne Ashby alitutoa machozi kwenye sinema. Sasa ana miaka themanini, kila Ijumaa anakamatwa kwenye maandamano! Anatafuta kamera tu."

"Kamera alishazichoka zamani, babu wee," alidakia Bernadine, aliyempaka Corinne vipodozi miaka thelathini. Siku hizi mkobani hakubeba poda. Alibeba kalamu ya wino usiofutika, ya kumwandikia Corinne mkononi namba ya wakili, maana polisi huchukua simu. "Naenda kwake. Shuka nami ukamseme mwenyewe."

Basi likasimama. Mzee hakuinuka.

"Mwambie avae soksi nzito. Sakafu ya seli ina baridi."

"Umejuaje?" Bernadine aliuliza akiwa tayari chini, na mlango ukafungwa.