Fundi Nzioka na Kalibu Iliyopasuka

"Baba, kama kabaidi ni ngumu hivyo, mbona ilipasuka?" Kitinda mimba wake, Mbinya, alimuuliza hivyo mwaka wa 1990, akiwa darasa la tatu. Mzee Jonah Nzioka Kivuva alienda kufungulia mbuzi.

Alizaliwa tarehe 3 Machi 1943 huko Mbumbuni, mtoto wa kwanza wa mhunzi Kivuva na mkewe Nzilani. Alisoma hapo hapo, kisha akajifunza ufundi wa vyuma Kitui. Mwaka wa 1966 kiwanda kidogo cha misumari mjini humo kikamwajiri kutengeneza kalibu, vyuma vinavyoupa waya umbo la msumari.

Alimwoa Kaluki kanisani Kilungu tarehe 14 Desemba 1968. Hakununua sufuria bila kuigeuzageuza na kuigonga kwa kucha huku ametega sikio, mpaka siku moja mwenye duka, Mama Muthoki, akamwambia, "Fundi, unanunua ama unaposa?"

Kazini, kuchagua kabaidi kulikuwa juu yake. Huo ni unga wa madini uliookwa ukawa mgumu kupita chuma, unaowekwa ndani ya kalibu isilike haraka. Iko ile ngumu kabisa, ya kalibu ya kuvuta waya uwe mwembamba. Iko nyingine yenye kobalti zaidi. Hiyo hulika mapema, lakini inavumilia kipigo, kwa hivyo hufaa kalibu ya kugonga kichwa cha msumari. Mwaka wa 1984 Mzee aliweka ile ngumu kabisa kote kote, kwa kuwa kwenye waya ilikuwa imedumu. Tarehe 9 Juni kalibu ya kugonga ikapasuka, kipande kikatoboa jicho la mwendesha mashine: Mulei, ndugu yake mdogo.

Mulei alituma neno kutoka hospitalini: "Mwambieni fundi asije. Jicho limenibaki moja, silitumii kumwangalia yeye." Kiwanda kilimpa Mulei blanketi. Mzee alienda kwake kila Krismasi, mlango haukufunguliwa.

Vumbi la kusaga kabaidi lilimharibu kifua. Alianza kukohoa mwaka wa 1993, akaachishwa kazi, akafariki nyumbani tarehe 22 Agosti 1997.

Ameacha mjane Kaluki. Watoto Kivuva, Ndinda na Mbinya. Na nduguye Mulei, ambaye amekuja leo, kumkuta sandukuni. Mungu ampe pumziko ambalo kifua kilimnyima.

Juma moja kabla ya kufa alimwita Mbinya kando ya kitanda. "Lile swali lako la kabaidi," akasema, akakohoa kwanza. "Mulei aliniambia, 'Kaka, hii yangu inapigwa, haivuti waya.' Aliniambia mbele ya vijana wa kazi. Angekuwa mkubwa wangu, ningemsikia."