Cherehani Iliposimama

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti, tukae. Leo tunamkumbuka mtafiti aliyetutoka wiki iliyopita, na naomba radhi mapema, maana nitacheka. Mwenyewe alikuwa mcheshi kupindukia.

Kazi yake ilikuwa kuchunguza jinsi zahanati zinavyoendeshwa: nani anaamua, nani anasaini, nani anangoja. Akakuta ombi moja la dawa linahitaji saini saba. Saba! Siku arobaini zinapita, na muuguzi anawarudisha wagonjwa nyumbani mikono mitupu.

Akaandika ripoti ya kurasa mia mbili, akaipeleka wizarani. Miezi sita baadaye akaikuta chini ya meza yenye mguu mfupi. Mwingine angewaka. Yeye alicheka mpaka akakaa chini. "Meza imetulia kweli," akamwambia karani.

Kisha akaenda kwa shangazi yake, fundi cherehani, aliyemlea. Akaanza kumsomea ile ripoti. Ukurasa wa kwanza, shangazi anashona. Wa kumi, anashona tu. Alipofika kwa mama aliyerudishwa mara tatu, na mtoto mwenye homa mgongoni, cherehani ikasimama.

"Ehe! Karudishwa kwa nini?"

"Saini hazijatimia, shangazi."

"Saini za nani tena, na muuguzi si yupo hapo hapo?"

Tangu hapo, cherehani ikiendelea, mtafiti anafuta. Ikisimama, anabakiza. Kurasa mia mbili zikabaki tatu. Akazisoma mbele ya kamati ya wizara, na hakuna aliyegusa simu. Mwaka huo huo utaratibu ukabadilishwa: anasaini muuguzi, anasaini mwenyekiti wa kamati ya zahanati, basi. Saini saba zikawa mbili, wasikilizaji. Dawa zikaanza kufika ndani ya siku tano.

Juzi nilikwenda kumpa pole shangazi, nikamsomea kipindi hiki. Nilikuwa nimekipamba haswa: nguli, nyota, hazina. Cherehani ikazidi kasi! Nikafuta, nikafuta. Nilipofika "saba zikawa mbili", ikasimama.

Shangazi akaweka mkono kwenye gurudumu. "Siku hiyo alikuja mbio, viatu mkononi, anapiga vigelegele tangu njiani. Hiyo usiiguse, baba."

Sikuigusa. Shangazi, familia yote, na ninyi wauguzi, poleni sana. Tumeumia pamoja nanyi. Na wewe unayeandika habari za watu, leo jiulize: nani angesimamisha cherehani yake akusikilize?