Akina Djafari wa Wamaza

Nyamazeni, wanangu, na wewe Soraya acha kulia kwanza, pumzi niliyobaki nayo ni kidogo na sitaki kushindana na kilio chako. Nyumba hii ya Kasongo ni yenu wote, hakuna wa kumufukuza mwenzake. Shamba la Lusangi ni la Soraya, maana ndiye aliyelilima. Kamaldine, usinikunjie uso, wewe mukubwa wao hujawahi kushika jembe kule. Pembe yangu ya mbao, ile ya kusikilizia moyo wa mutoto tumboni, mupeni mujukuu wangu Chadia akimaliza masomo ya uuguzi.

Sasa jambo langu lenyewe. Baba yenu Djafari alichezea timu ya taifa, akafunga goli ambalo watu wanalisimulia mpaka leo, na lilikuwa goli zuri, sikatai. Mimi nilizalisha wanawake miaka arobaini na moja, Kabambare na vijiji vyake. Siku moja nilifika Wamaza kwa pikipiki, matope mpaka magotini, nikamukuta Honorine amehangaika siku mbili, mutoto ametanguliza miguu. Nilimutoa muzima, na mama yake muzima. Wakataka kumupa mutoto jina la kunishukuru, kama desturi yetu ilivyo, wakaulizana: huyu muzalishaji anaitwa nani? Aa, si muke ya Djafari! Basi wakamuita Djafari. Wakafuata wengine, na wengine tena, hata leo ukiita Djafari pale sokoni wanageuka watu kumi. Na marehemu, Mungu amurehemu, akiona damu alikuwa anazimia!

Nilicheka miaka yote ile. Iliniuma pia, leo nasema.

Kwa hiyo, nikifa, Kamaldine utaenda musikitini kunitangaza kwenye kipaza sauti. Utasema: Mwamini binti Lukumani, muzalishaji, amefariki. Basi, usiongeze kitu. Baba yenu alishatangazwa siku yake, na mji mzima ulisikia.

Nipeni maji... Inatosha. Mungu awatunze, awape watoto wenye afya, asiwatenganishe. Mulionikosea nimewasamehe, na mimi munisamehe.

Kamaldine, sogea. Sema nisikie, vile utakavyosema kule.

Hapana, mwanangu... Umeanza na jina la baba yako. Anza tena.