Mishale ya Placide na Watoto wa Mlimani

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika ofisi yetu ya sensa hapa Kasongo, karani Placide Mulenda anastaafu tarehe 30 Septemba 1957. Katika muda huo amewahudumia wakuu kumi na mmoja, na wote, kwa bahati njema, walijua kila kitu siku ileile waliyofika.

Placide alianza mwaka 1926 akinakili majina ya vijiji. Akichoka, aligeuza fomu kuukuu na kuchora nyuma yake. Kila jambo alilipa duara. Jambo lililoleta jingine alilitolea mshale. Mchoro wake wa kwanza ulihusu makosa ya chapa katika barua zetu. Mkuu alisema ni uvivu wa makarani. Placide alichora mvua, mshale hadi kuni mbichi, mshale hadi chai iliyochelewa, mshale hadi hasira ya mkuu, mshale hadi vidole vyetu vinavyotetemeka. Kuni zikahamishiwa chini ya paa. Makosa yakapungua, na mkuu akasifiwa kwa ukali wake.

Lakini atakumbukwa zaidi kwa jambo la mwaka 1949. Mkuu wa wakati ule aligundua vitabuni kwamba vijiji vya kando ya barabara vina watoto wengi, na vya milimani nyuma ya Lusangi wachache mno. Akahitimisha kwamba barabara inazalisha. Amri ikaandaliwa: vijiji vinne vya mlimani vivunjwe, watu washushwe barabarani, wakazae.

Sisi makarani tuliozaliwa upande wa Kabambare tuliijua hesabu hiyo. Kijiji cha wazee wangu kilishushwa mwaka 1934 kwa hoja hiyohiyo. Makaburi yalibaki juu, na migomba pia. Watoto hawakuongezeka. Waliongezeka vitabuni tu, jambo ambalo ofisini lilitosha kabisa.

Placide alichora maduara matatu: barabara, watoto waliozaliwa, watoto walioandikwa. Kati ya barabara na waliozaliwa hakuona sababu ya kuweka mshale. Akaongeza duara la nne, mwandishi wa sensa, maana aliwajua waandishi wetu: huenda kwa gari, na gari linapoishia ndipo wananchi wanapoishia. Mshale ukatoka barabarani hadi kwa mwandishi, na kutoka kwa mwandishi hadi kitabuni. Akaeleza kwa upole kwamba mtu akishajua kama mwandishi alifika au hakufika, barabara haina la zaidi la kumwambia. Basi mwandishi apande kwa miguu; tofauti itapotea.

Mkuu alimpa siku tisa, kwa kuwa gari la kupeleka amri lilikuwa limeharibika. Placide akapanda. Mkunga wa huko, Mama Mwanvua, aliyefunga fundo katika kamba kwa kila mtoto aliyempokea, aliyatazama mavumbi ya viatu vyake akasema, "Batoto iko mingi, baba. Ile iko kidogo ni miguu yenu." Vitabuni mlima ulikuwa na watoto arobaini na mmoja. Placide, akiwaona mmoja mmoja, alirudi na majina mia tatu na kumi na mawili.

Mkuu aliutazama mchoro kwa muda mrefu. "Na mimi, Placide, iko wapi?"

Placide, mtu wa adabu, alimchorea duara kubwa kuliko yote, kwa kalamu nyekundu, pembeni, bila mshale unaoingia wala unaotoka. Mkuu alifurahi sana. Akautia mchoro kwenye fremu, akaichana amri, kisha akapandishwa cheo kwa kuongeza watoto wa mlimani zaidi ya mara saba.

Mchoro ungali ukutani. Juma lililopita tulijaribu kuichora ofisi bila duara la Placide. Mishale tisa ilibaki inaning'inia, na hadi leo hatujui ufunguo wa kabati uko kwa nani. Duara jekundu halikuhitaji kuguswa.

Asante, Mzee Placide, na asante Mama Apolline, mke wa mzee wetu, uliyevumilia michoro hadi kwenye meza ya chakula. Vijiji vinne viko mahali pake, pamoja na makaburi yake. Enda salama kwenye shamba lako la mpunga, na tangu sasa siku zako zitegemee mvua tu, si sahihi ya mtu.