Mwalimu Emiliana na Sheria ya Kukaa Katikati

Mwalimu Emiliana Gunda anaweka chaki chini tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya miaka thelathini na sita ya kufundisha, yote katika shule yetu hii ya nyuma ya maegesho ya malori, Shelui. Kila chombo walichomletea serikali na wazazi amekitumia. Cha mwisho, kishikwambi, nilimfundisha mimi mwenyewe, Sixbert, mlinzi wa geti.

Nasikia mnaguna huko nyuma. Haya, basi, sikumfundisha. Siku vishikwambi vilipoingia, mimi na yeye tulikishika kimoja tukakigeuzageuza kutafuta kinapofungukia, kama watu wawili waliopewa kobe. Waliotufundisha ni Darasa la Tano. Lakini Mwalimu Mkuu Calist ameniomba niandike wasifu huu na kuusoma mbele yenu kwa sababu ni mimi tu niliyebaki kati ya waliokuwapo Emiliana alipofika. Nilikomea darasa la nne, kwa hiyo palipopinda mtanyoosha wenyewe.

Alifika akiwa binti mwembamba, mwenye sanduku la bati na sauti isiyolingana na mwili. Darasa lake la kwanza lilikuwa na nusu ya paa. Mvua ikinyesha, watoto wote walihamia upande mmoja na somo likaendelea. Malori yakinguruma nje, naye alikuwa anawasomesha kwa sauti ya kuyashinda. Mpaka leo mtu aliyepita mikononi mwake akikupigia simu, unaiweka mbali na sikio.

Miaka ile vitabu vilikuwa haba. Watoto wachache walinunuliwa vitabu na baba zao, waliobaki wakatazama madirisha. Ndipo Emiliana akatunga sheria yake: watoto watatu dawati moja, na mwenye kitabu hakai katikati. Katikati anakaa asiyekuwa nacho, ndiye anayekishika na kufunua kurasa. Mwenye mali anachungulia kutoka pembeni, maana yeye atakiona tena jioni nyumbani. Wako wanaume wenye maduka na vitambi katika mji huu waliolia kwa sheria hiyo. Majina ninayo. Sitayataja, wamekaa safu ya mbele.

Januari hii kamati ya shule ilikubali watoto wa Darasa la Tano wenye vishikwambi waje navyo, kwa masomo tu. Vikaja vichache. Mwalimu akaagiza vivikwe jalada la kaki kama madaftari. Kesho yake Mosi, mtoto wa Mzee Haji wa mashine ya kukamua alizeti, akaleta chake kimefungwa kaki pande zote mbili, kioo kikiwemo, na juu yake jina, darasa na shule kwa mwandiko safi. Wiki ileile Mwalimu akamsahihishia hesabu kwa kalamu nyekundu, juu ya kioo. Mama yake, Bi Rukaya, akakataza kisifutwe mpaka wageni wa Ijumaa waione ile vema.

Hayo yalikuwa ya kuchekesha. Kizaazaa kilianza sheria ya dawati iliporudi. Mosi akawekwa pembeni, na katikati akakaa Jesca, binti wa mama muuza vitunguu, ambaye kwao hata redio hakuna. Mzee Haji alipopata habari alikuja na pikipiki, hata hakuizima.

"Mwalimu! Mimi ninunue kishikwambi, halafu mwanangu akichungulie kama anatazama mpira kibandani kwa watu?"

"Mzee Haji," Mwalimu akamwambia, "watoto wamesimama wanakuamkia. Pokea kwanza."

Ikabidi aitikie shikamoo ya darasa zima, na alipomaliza hasira ilikuwa imepoa nusu. Nusu iliyobaki ilitosha. Akataka kamati ikae: ama Mosi akae katikati, ama wafanyabiashara wote wachukue vishikwambi vyao, na darasa apewe mwalimu kijana. Hapo Emiliana hakucheka. Lilikuwa darasa lake la mwisho, na mtu alitaka amalizie stoo akihesabu mafagio. Aliniambia pale getini, "Mzee Sixbert, wakininyang'anya hawa nitakuwa nimestaafu mara mbili."

Kamati ilikaa Jumamosi moja ya mwezi Mei. Mzee Haji alikileta kishikwambi chenyewe, tuone mali ni ya nani. Akakibonyeza. Kikataka sura ya mwenyewe. Akakisogezea uso wake, ule anaowatolea wapakia magunia. Wapi. Akamwita Mosi, Mosi akatabasamu, kikamnyamazia. Mwalimu Calist akavaa miwani, akavua miwani. Mwenyekiti akasema labda kinataka kiongozi, nacho kikamkataa hadharani. Mimi nilipoinama kikazima mwanga kabisa. Bi Rukaya, aliyekuja kumzuia mumewe asipaze sauti, alicheka mpaka mtandio ukaanguka.

Ndipo Mosi akasema, akiangalia miguu yake, "Kinamjua Jesca."

Kumbe Mwalimu alikuwa ameagiza wanaokaa katikati waviwekee vishikwambi kufuli, visichezewe wakati wa mapumziko. Cha Mosi kilipouliza sura, iliyokuwa mbele yake ni ya Jesca. Nyumbani Mosi alikuwa anamwambia baba yake wiki nzima kwamba kimeisha chaji. Mwalimu akashika kichwa. Hilo la sura hakulijua, na wafanyabiashara wakaanza kutazamana kama watu walioshinda kesi.

Nikatumwa mimi na baiskeli. Jesca alikuwa kwao ng'ambo ya barabara kuu, anapura alizeti. Nikampakia nyuma, tukapanda kile kilima upepo ukitupiga usoni, magoti yangu yakinitukana. Akaingia na makapi kwenye nyusi, akawaamkia wakubwa mmoja mmoja bila kuruka mtu, kisha akainama. Kikafunguka.

Mzee Haji akamwambia aitoe sura yake, aweke ya Mosi.

"Ndiyo, baba," Jesca akasema, akaanza kubonyeza bila ubishi. Mosi ndiye aliyemshika mkono.

"Asijitoe! Baba, nikikaa nacho mwenyewe natazama mieleka tu. Jesca haniachii mieleka mpaka nimalize kugawanya."

Bi Rukaya akamgeukia mumewe. "Baba Mosi, kumbe tulinunua mieleka?"

Mzee Haji akatazama dari, akatazama mlango, akakuna ndevu. "Haya, wekeni sura zote mbili, na nyumbani tukione. Akae huyohuyo katikati. Lakini Mwalimu, mwanangu naye ashike hata kona."

"Kona anayo tangu siku ya kwanza," Mwalimu akamjibu.

Kikao kikafungwa, vishikwambi vikabaki, na Darasa la Tano likabaki kwa mwenyewe. Mwezi huu atalikabidhi kwa mkono wake. Pale mlangoni nilimwona akijifuta macho kwa khanga. Akasema ni vumbi la alizeti.

Mwalimu Emiliana, shule nzima inakushukuru, pamoja na wale wa safu ya mbele. Mungu akupe miaka mirefu, magoti yasiyolalamika, na majirani watakaozoea sauti yako.

Ila kabla hujafunga mizigo. Siku ile nilipomshusha Jesca, nikihema kama ng'ombe wa plau, ulinishika bega ukasema, "Mzee Sixbert, hili nitakulipa." Zawadi sitaki. Jumamosi ya kwanza ya Julai mjukuu wangu anachumbiwa kule Mkiwa, na sina wa kunishikia geti. Njoo unikalie kuanzia asubuhi mpaka jua lizame. Filimbi iko kwenye msumari, chai uje nayo. Na mbuzi wa jirani yetu Anselm wakiingia kwenye mchicha wa shule, tafadhali usianze kuwafundisha. Wafukuze tu.