Bwana Alinifungua Kinywa Nikasema "Sijaelewa"

Bwana Yesu asifiwe! Mimi ni Neema, naimba sauti ya pili kwaya kuu, wengi mnanijua. Mzee wa zamu amenipa dakika tano. Namwomba saa yake aigeuze uso chini, maana aliyonitendea Mungu hayaishi kwa dakika tano, na katikati yake kuna jambo la kuungama.

Ndugu zangu, mnakumbuka nilivyokuwa Shule ya Jumapili hapa Mpemba, Tunduma yetu hii. Mstari wa kukariri sikumpa mtu nafasi! Zaburi nzima naimwaga bila kuvuta pumzi, naondoka na zawadi ya sahani. Maana yake je? Hakuna aliyeniuliza, na mimi sikujiuliza. Nikapita hivyo shule ya msingi, nikapita hivyo sekondari, nikafika chuo Mbeya kusomea kompyuta nikiwa nimevimba kichwa.

Huko nikakutana na Java. Hiyo ni lugha ya kuiandikia kompyuta maagizo. Kwanza unaandika klasi, yaani maelezo kwamba kitu cha aina hii kina nini na kinafanya nini. Kisha kutokana na klasi hiyo moja unatengeneza vitu vyenyewe, hata elfu, na hivyo ndivyo vinavyoitwa objekti. Leo naeleza kwa raha zangu! Siku ile mwalimu alipouliza kama tumeelewana, nilikuwa wa kwanza kuitikia, "Ndiyo, mwalimu!" Sikuwa nimeelewa kitu. Nikarudi bwenini kukariri programu zake neno kwa neno, mabano kwa mabano.

Akatupa kazi: andikeni programu ya kuorodhesha magari. Mimi mtoto wa Tunduma, foleni ya malori mpakani nimeiona tangu natambaa! Nikachagua malori kumi na manne, nikaandika klasi kumi na nne. Kila lori na klasi yake! Kurasa zilijaa, nikajiona bingwa. Mwalimu akaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Njoo tuongee." Sikwenda. Badala yake nikafunga na kuomba siku mbili, nikaweka mikono juu ya kompyuta ya chuo nikaikemea, wenzangu wananitazama. Msicheke, wapendwa! Mungu alinisikia, ila nadhani alikuwa anangoja niende kwa mwalimu.

Mtihani ukaja na maswali yamegeuzwa. Nikafeli. Nikapewa mtihani wa marudio, wenyewe tunauita sapu, na ukifeli sapu chuo umeaga. Nikarudi nyumbani likizo, mkaniuliza matokeo, nikasema nimefaulu.

Ndugu zangu, ungamo lenyewe ndilo hilo. Mlinisimamisha hapa hapa, akina mama wakapiga vigelegele, mchungaji akaomba sala ya shukrani. Nilikuwa natabasamu, na moyoni natamani ardhi ipasuke inimeze. Nikifeli tena, uongo wangu unajulikana kanisa zima na masomo yamekwisha.

Likizo ile nilikaa kwa mama mdogo Tusekile, fundi cherehani, yule pale anajifanya anatafuta leso. Alikuwa anashona majoho ya kwaya ya Pasaka, ishirini na nane, satini ya zambarau. Akanionyesha karatasi alizokata kwenye mifuko ya saruji, za kifua, mgongo na mkono. "Unalaza hii juu ya kitambaa, unafuata vipimo vya mtu, unakata. Mkono wa pili unageuza karatasi. Umeelewa?"

"Ndiyo, mama mdogo."

Mazoea, jamani! Nikakata mikono miwili ya upande mmoja. Satini ina uso na mgongo, huwezi kuidanganya. Mama mdogo akaishika ile mikono, akaiangalia, akaniangalia mimi.

"We Neema, si ulisema umeelewa?"

Machozi yakanitoka. Nikasema, "Sijaelewa." Nikalirudia, "Mama, sijaelewa. Na chuo nimefeli. Sijaelewa tangu siku ya kwanza." Nililia mpaka kwikwi. Maisha yangu yote sikuwahi kulitamka neno hilo mbele ya mtu!

Nilitegemea anichape maneno. Akavuta kigoda, akasema, "Haya. Umelisema, na paa halijaanguka. Kaa nikuonyeshe tena." Akainua karatasi. "Hii si joho. Huwezi kuivaa ukaimba. Hii inasema joho lina nini, basi. Majoho yenyewe ni yale, kila moja na kifua chake na urefu wake."

"Watu ishirini na wanane, karatasi ni hizi hizi?"

"Unataka nikate za kila mtu? Pasaka si itatupita!"

"Na joho la mwalimu wa kwaya? Lina kola."

"Unaanzia hizi hizi, unaongeza kola. Kwa nini uanze upya?"

Haleluya! Mkasi ulinidondoka. Yale malori yangu kumi na manne yakanijia yote kwa pamoja. Klasi ni moja! Lori lina namba, lina mzigo, lina nchi linakokwenda. Malori yenyewe ni objekti, kila moja na vyake. Na lori la mafuta ni lori lile lile, unaongeza tangi! Mama mdogo akadhani nimepagawa.

Lakini sikuishia kushangilia. Nilirudi chuo, nikaenda kwa mwalimu, nikamwambia sijaelewa. Akauliza, "Tangu wapi?" Nikasema, "Tangu mwanzo." Akanipa kiti. Kila nilipokwama nilisema nimekwama, na hakunicheka hata mara moja. Mtihani wa marudio ukauliza habari za wagonjwa wa zahanati, jambo ambalo sikuwahi kulikariri popote. Nikaandika klasi moja, ya mgonjwa, nikaendelea. Nimefaulu, wapendwa, na mara hii ni kweli!

Shetani akaninong'oneza ninyamaze, kwani si nimefaulu, nani atajua? Nimekataa. Shukrani mliyoitoa siku ile niliipokea kwa uongo. Nisameheni. Leo ndipo ninapoistahili, na namrudishia Mungu yote.

Wewe mama uliyepewa dawa zahanati ukaitikia "ndiyo" bila kujua unazinywa vipi. Wewe mwanafunzi unayekariri kama nilivyokariri. Mtegemee Mungu, kisha fungua kinywa uulize. Kompyuta ya ofisi ya kanisa nimeruhusiwa kuitumia Jumamosi mchana, nitafundisha bure, na sitamuuliza mtu, "Tumeelewana?" Nitauliza nani amekwama.

Na kama hapa kuna ambaye ushuhuda wangu haujamwingia, tafadhali asiseme amina. Anyooshe mkono, nitaanza upya.